Saikolojia isiwe siri ya walimu

Mnamo mwaka 2025, mpwa wangu aliyekuwa Gredi ya 9 alinijia sebuleni na karatasi mkononi, uso umemkunjamana kama wa mtu aliyepoteza nauli. Ulikuwa wakati wa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu, na kila nyumba yenye mtoto wa rika lake ilikuwa imegeuka baraza. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alitaka aende mkondo wa sayansi. Baba yake alisema achague lolote maadamu litamlisha. Yeye mwenyewe alikuwa na lake. "Mjomba," aliniambia, "mimi nataka kusomea mambo ya akili za watu. Kwa nini mtu husahau, kwa nini huogopa, kwa nini watu wakiwa wengi hufanya jambo ambalo mmoja wao hathubutu. Nitie alama wapi?"

Nilivaa miwani nikaipitia orodha ile kutoka juu hadi chini. Palikuwa na Biolojia, Historia na Uraia, Jiografia, Biashara, masomo ya dini, Fasihi, lugha za kiasili na za kigeni, muziki, hata michezo. Saikolojia haikuwapo. Nikamjibu kwa busara ya utu uzima, ambayo aghalabu ni njia ya heshima ya kulikwepa swali: achukue Biolojia, aongeze Historia, kisha asubiri chuo kikuu. "Miaka mitatu yote?" akauliza. Nikamwambia naam, miaka mitatu. Aliikunja karatasi yake akaenda zake bila kusema neno.

Msomaji asidhani kuwa swali la msichana huyu lilikuwa la kitoto. Huko Uingereza, saikolojia imekuwa ikitahiniwa mwishoni mwa masomo ya sekondari tangu miaka ya 1970, na katika miaka ya hivi karibuni imekuwa somo la pili kwa wingi wa watahiniwa wa kiwango cha A, likitanguliwa na Hisabati peke yake. Zaidi ya vijana 70,000 huufanya mtihani huo kila mwaka. Wala hatuna haja ya kupanda ndege. Humu humu nchini zipo shule za kibinafsi zinazofuata mitaala ya kigeni ambamo kijana wa miaka 17 hufundishwa jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mlezi wake, na jinsi ya kuunda jaribio lenye kundi la kulinganishia. Mwenzake wa shule ya umma iliyo ng'ambo ya ua hana habari. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia madarasani Januari 2026, walikuta mikondo mitatu na masomo mengi mapya, lakini pengo hilo lilikuwa pale pale.

Hata hivyo, liko linaloniuma kuliko hilo la wenye nacho na wasio nacho. Ukweli ni kwamba saikolojia imo katika shule zetu zote. Imo vichwani mwa walimu. Kila aliyesomea shahada ya ualimu amepitia saikolojia ya elimu. Amekariri hatua za Piaget, mbwa wa Pavlov na njiwa wa Skinner, akafanya mtihani, akapita. Kwa hiyo darasani huwa kuna mtu mmoja aliyefundishwa jinsi mwanafunzi anavyojifunza, na wengine hamsini ambao ndio hao wanafunzi wenyewe, wasioambiwa chochote. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima jinsi zinavyomtoka. Alibaini kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni kisha kasi hiyo hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi ya siku moja. Mwalimu analijua hilo. Kisha usiku wa kuamkia mtihani anazungukia madarasa, anamkuta mwanafunzi ametumbukiza miguu katika karai la maji baridi ili asisinzie, naye anampongeza kwa bidii.

Sisemi haya kwa kuwacheka walimu. Nilikuwa mmoja wao, na ninalo deni ambalo sijalilipa.

Kabla ya kurudi chuoni kusomea isimu, nilifundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa katika shule moja ya bweni, sehemu za magharibi mwa nchi. Mwaka 2005 nilikipa Kidato cha Tatu insha ya methali: Kikulacho ki nguoni mwako. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua yatakayofuata. Nilipata visa vya marafiki wasaliti, vya yaya aliyeiba dhahabu, vya mjomba aliyefichua siri kwa majambazi. Nilipata pia insha moja isiyofanana na nyingine. Kijana aliyeiandika alisimulia juu ya mvulana anayeliwa na kitu kilichomo ndani yake. Mvulana huyo huamka saa tisa za usiku na hawezi kulala tena. Chakula kimekuwa mchanga kinywani. Sauti za wenzake anazisikia kama redio ya nyumba ya jirani. Hana ugomvi na mtu, hajafiwa, hadaiwi karo, ila kila asubuhi kuvaa soksi kumekuwa kazi ya kutwa. Insha iliishia hapo hapo, bila tukio na bila funzo.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Umepotoka. Methali yahusu usaliti wa watu wa karibu." Nikamtuza 03/20. Tena, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilipenda kazi yangu, nilimsahihishia upatanisho wa kisarufi mahali pawili.

Muhula huo kijana aliacha kuamka kwa maandalio ya alfajiri. Aliandikwa katika daftari la nidhamu mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Katika mkutano wa walimu ilisemwa kwamba huyu ni mvivu na mkaidi, kwamba ataambukiza wenzake, na kwamba aende nyumbani akaletwe na mzazi. Tulinyanyua mikono. Wangu ulikuwa miongoni mwa iliyonyanyuliwa. Kijana alienda nyumbani na hakurudi, nasi baada ya likizo tulimpa mwingine kitanda chake.

Miaka kumi na mitatu baadaye nilimkuta mjini akitengeneza simu katika kibanda. Yeye ndiye aliyenitambua. Alikataa malipo, akaniletea kigoda, tukazungumza. Akasema, bila lawama yoyote sautini, "Mwalimu, siku zile mimi mwenyewe nilidhani ni uvivu. Nilijichapa moyoni kuliko mlivyonichapa nyinyi. Kumbe lilikuwa na jina." Alikuwa ameambiwa jina hilo na daktari, akiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na alilitamka kwa Kiingereza. Kisha akaniuliza kwa udadisi tu, "Na kwa Kiswahili wanaitaje, Mwalimu?" Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha, nilikaa kimya kwa muda nisioupenda kuukumbuka. Nikamwambia wengine husema sonona, wengine unyogovu. Akatikisa kichwa. Hakuwa amewahi kulisikia lolote kati ya hayo mawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, laiti somo hili lingalikuwapo shuleni, pangetokea nini? Hapana budi niwe mkweli. Mimi nilikuwa nimeisoma saikolojia na bado sikuona. Kwa hiyo kusoma peke yake si dawa. Lakini mimi niliisoma kwa muhula mmoja, kwa ajili ya mtihani, kwa lugha ambayo sijawahi kuhuzunika kwayo. Na hata kama ningekuwa kipofu vivyo hivyo, kijana huyu angekuwa na njia ya pili. Angejisoma mwenyewe. Angelifungua kitabu ukurasa fulani akakuta mambo yake yameelezwa: kuamka saa tisa, mchanga kinywani, redio ya jirani. Asingengoja mwalimu mwenye kalamu nyekundu amfasirie nafsi yake.

Suala la majina si dogo, na msomaji atanivumilia nikirejea kazini kwangu kidogo. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mambo ya ndani ya mtu. Kina moyo na roho, nafsi na akili, fahamu na dhamiri. Mtu hufa moyo, huingiwa na kiwewe, hushikwa na butwaa, husononeka, hupata jitimai. Tulichokosa ni mpangilio: kukubaliana kuwa neno hili litasimamia jambo hili na lile litasimamia lile. Leo hii "msongo wa mawazo" umebebeshwa kila mzigo. Mtahiniwa anayetetemeka mkesha wa mtihani ana msongo wa mawazo. Mjane wa wiki mbili ana msongo wa mawazo. Na yule ambaye hajaweza kutoka kitandani kwa miezi mitatu, naye ana msongo wa mawazo. Hali tatu zinazohitaji mambo matatu tofauti zimevishwa kanzu moja. Kwa upande wa pili tuna wazimu, neno lililo ndugu ya mzimu, ambalo huchukua wote waliobaki. Baina ya msongo na wazimu hatuna ngazi za kukanyaga. Istilahi hazitulii kwa sababu kamusi imezitaja. Hutulia zinapotumiwa na maelfu ya vijana katika kazi ya ziada, katika mtihani, na katika mabishano ya bwenini. Biolojia ndiyo iliyotufanya tuseme usanisinuru bila kusita. Sonona nayo ina haki hiyo.

Nikitaja sonona na msongo, huenda msomaji akadhani kwamba ninapigia debe vipindi vya ushauri nasaha. La hasha! Ushauri una mahali pake na watu wake. Ninachozungumzia ni sayansi: somo lenye maswali, majaribio, hesabu na ubishi. Nitatoa mfano mmoja unaonigusa kitaaluma.

Mwaka 1974, Wamarekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za barabarani, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Swali lilikuwa lile lile ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa kana kwamba magari "yalipondana" walikadiria kasi iliyozidi maili 40 kwa saa; walioulizwa kana kwamba "yaligusana" walikadiria chini ya maili 32. Ajali ni zile zile! Katika jaribio la pili waliwatumia wanafunzi 150. Baada ya wiki moja waliwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwapo katika filamu. Lakini kati ya wanafunzi 50 waliokuwa wamesikia kitenzi kizito, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kawaida ni 7. Na kati ya 50 ambao hawakuwa wameulizwa habari za kasi ni 6. Neno moja lilikuwa limeingia katika kumbukumbu likaweka vioo mahali pasipokuwa na vioo.

Mwaka uliofuata, Loftus na mwenzake Guido Zanni walionyesha kwamba hata vijineno vidogo vya Kiingereza vinavyotangulia nomino, kile cha kitu kinachojulikana na kile cha kitu chochote, huweza kumfanya shahidi aseme aliona taa iliyovunjika ambayo haikuwapo. Vijineno hivyo Kiswahili hakina. Lakini hebu linganisha sentensi hizi mbili: "Je, uliona taa iliyovunjika?" na "Je, uliiona taa iliyovunjika?" Tofauti yake ni irabu moja, kiambishi cha yambwa. Sentensi ya kwanza inauliza. Ya pili imekwisha kuamua kwamba taa ipo, inachotaka kujua ni kama wewe uliiona. Je, kiambishi hicho humpotosha shahidi wa Kiswahili kama kijineno kile kinavyompotosha shahidi wa Kiingereza? Hili ni swali la kisayansi ambalo mwanafunzi wa Gredi ya 11 kule Kitui au Kilifi anaweza kulifanyia jaribio kwa picha moja, karatasi na wanafunzi wenzake arobaini. Mwanafunzi wa London, pamoja na maabara yake, hawezi.

Wala si mchezo wa darasani tu. Mali ya shule inapoharibiwa, huanza mahojiano katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. "Nani aliyeyaleta yale mafuta?" Katika swali hilo moja tayari yapo mafuta, tena ni yale, na yupo aliyeyaleta. Kijana wa miaka 15 aliyesimama hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi anajibu nini? Nimeshuhudia mahojiano ya namna hiyo, nami sina hakika kwamba kila jina lililotajwa lilikuwa la kweli, ijapokuwa waliolitaja waliamini.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini watu wakiwa wengi hufanya ambayo mmoja hathubutu. Taifa hili limeliuliza swali hilo kwa machozi. Machi 2001, moto uliwaua wanafunzi 67 katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, na kabla yake, mwaka 1998, wasichana 26 walikufa kwa moto kule Bombolulu. Baada ya misiba na migomo, huundwa majopo ya watu wazima, ripoti huandikwa na kutiwa kabatini. Wanafunzi wenyewe hawapewi nafasi ya kusoma yanayojulikana kuhusu kundi na mtu. Solomon Asch, katika miaka ya 1950, aliwaketisha watu mbele ya mistari iliyochorwa na kuwauliza ni upi unaolingana na mwingine. Jambo rahisi kama kuhesabu vidole. Lakini kundi zima, lililokuwa limepangwa kwa siri, lilitoa jibu la uongo kwanza. Takriban theluthi moja ya majibu ya wale wasiojua siri yalifuata uongo huo. Ila palipokuwa na mtu mmoja tu aliyesema kweli kabla yao, utiifu huo kwa kundi ulishuka sana. Mmoja tu! Ninafikiri kijana anayelijua hilo, usiku ule wenzake wanaponong'onezana bwenini, anajua sauti yake ina uzito gani.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi tuna malezi na mila zetu. Hoja hii inahitaji jibu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Saikolojia iliyomo vitabuni imejengwa sehemu kubwa juu ya wanafunzi wa vyuo vya Magharibi, na watafiti wa huko wenyewe wamelikiri hilo waziwazi tangu mwaka 2010. Lakini nusu ya pili ni kwamba sisi tumo ndani ya sayansi hii kuliko tunavyojua. Nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi ambayo kijana wa Kiingereza anaikariri ilipata utafiti wake wa awali vijijini karibu na Kampala. Ni huko ambako Mary Ainsworth, mnamo 1954 na 1955, aliwatazama watoto 28 wa Kiganda na mama zao, nyumba kwa nyumba, na kitabu chake juu yao kikatoka mwaka 1967. Robert na Barbara LeVine walichunguza malezi miongoni mwa Abagusii katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika kijiji kimoja cha Waluo, ukionyesha kwamba kile ambacho shule inakiita akili, wanakijiji wanakigawa katika maneno manne: rieko, luoro, paro na winjo. Kwa ufupi, rieko ni maarifa na wepesi wa kuelewa, luoro ni heshima na kujali wengine, paro ni fikra na kujituma, na winjo ni kuyaelewa mambo ya maisha yanavyokwenda. Kati ya yote manne, ni rieko tu iliyohusiana na alama za shuleni. Utafiti mwenza wa watu hao hao uliwapima watoto 85 juu ya ujuzi wao wa dawa za miti shamba, ukakuta kwamba waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya kimasomo. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wakiwamo watokao Siaya, kama wamesikia habari hizi. Walinitazama tu.

Zaidi ya hayo, kuna saikolojia tuliyoandikiwa bila sisi kuisoma. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyeisimamia hospitali ya Mathari hapa Nairobi, aliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kitabu kilichochapishwa mwaka 1953 kuhusu akili ya Mwafrika. Alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, kilichowageuza watu waliodai ardhi yao kuwa wagonjwa. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961. Nani mwingine alimjibu? Mwanafunzi wa Historia anafundishwa habari za Mau Mau, lakini hafundishwi kwamba kalamu ya daktari ilitumiwa pamoja na bunduki ya askari. Anayeiogopa saikolojia kwa kuwa ni ya kigeni ana sababu nzuri ya kutaka vijana waisome wakiwa bado na ujasiri wa kuuliza: walipima nini, kwa nani, na kwa lugha gani?

Hofu nyingine ninaziheshimu zaidi. Kuna hofu kwamba vijana wataanza kupimana maradhi, kila mmoja amwambie mwenzake ana ugonjwa fulani kwa kuwa aliusoma Jumanne. Hilo litatokea, tusijidanganye. Lakini tayari wanapimana, kwa maneno mabaya zaidi: mvivu, kichaa, ana mapepo. Tukumbuke kwamba hata sheria yetu ilipima hivyo. Mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, mtu aliyejaribu kujitoa uhai nchini Kenya na akanusurika alikuwa mshtakiwa. Waliokiacha kifungu hicho kikae miaka yote hiyo walikuwa watu waliosoma.

Ipo pia hofu ya mzigo. Sisi tuliosoma 8-4-4 tunakumbuka utitiri wa masomo na migongo iliyopinda kwa mikoba. Kwa sababu hiyo sitaki saikolojia iwe ya lazima. Liwe somo la kuchaguliwa katika mkondo wa Sayansi za Jamii, na mwanafunzi wa sayansi anayelitaka asifungiwe mlango. Wala lisianze kila mahali kwa pamoja kwa tamko la jukwaani, tumeyaona matamko. Ianze shule chache za umma, za mashambani zikiwamo, kwa walimu waliokwisha kuipitia saikolojia chuoni na wakapewa mafunzo ya nyongeza. Mtihani wake nao usiwe wa kukariri majina ya Wazungu na miaka. Nusu ya alama itoke katika jaribio ambalo mwanafunzi amelifanya mwenyewe, kwa idhini ya aliowauliza, na kulitetea mbele ya wenzake.

Na kitabu? Hapo ndipo ninapotahayari. Nikitaka kumpa kijana wa Gredi ya 10 kitabu cha saikolojia cha Kiswahili kinacholingana na umri wake, sina cha kumpa. Ninazo makala, ninazo orodha za istilahi, ninayo miswada ya wenzangu inayosubiri mchapishaji, naye mchapishaji anasubiri somo liwekwe katika mtaala. Wakuza mitaala nao wataniuliza vitabu viko wapi.

Mpwa wangu alichagua Biolojia, Historia na Uraia, na Fasihi ya Kiswahili. Likizo ya kwanza alikuja tena, safari hii na daftari. Nilikuwa nimemdokezea ile habari ya uliona na uliiona, nikasahau. Yeye hakusahau. Alikuwa amechora pikipiki iliyoanguka, isiyo na taa kabisa, akawaonyesha wenzake wa bweni, nusu yao akawauliza hivi na nusu vile. Alikuwa na majibu ya wasichana ishirini na wawili, mistari miwili ya vijiti vya kalamu, na swali ambalo wanafunzi wangu wa uzamili huchelewa kuliuliza. "Mjomba, waliosema ndiyo ni wengi kidogo upande huu wa uliiona. Sasa nitajuaje kwamba si bahati tu?"

Nilisogeza meza, tukaanza na wastani.